Kiti cha Upande wa Pili

Mtaani walimwita Bei Inapanda, na jina hilo alijitakia mwenyewe. Alikuwa fundi wa kushona viti vya magari, mgane, mtu wa maneno machache. Mbele ya karakana yake, chini ya bati, lilikaa gari jekundu la milango miwili ambalo halikuwa la mteja yeyote. Lilikuwa lake. Kila aliyesimama kuuliza kama linauzwa alipewa jibu lilelile: "Sina haraka. Bei inapanda."

Wala hakudanganya. Magari ya rika lile, ambayo jana yalikuwa ya walimu wapya na maharusi wasio na kitu, sasa yalikuwa yameanza kutafutwa. Hayakuwa ghali bado. Mtu wa mshahara wa kawaida angeweza kulimudu moja. Lakini wajuzi walisema yaliyobaki mazima kama yalivyotoka kiwandani ni ya kuhesabika, na kila mwaka yanapungua, na kinachopungua hupanda. Kinyozi wa mlango wa pili alikuwa akimwonyesha habari hizo kwenye simu kila wiki, kana kwamba gari ni la ukoo wao.

Ila ukweli nao una sebule na una chumba cha ndani, na fundi aliwakaribisha watu sebuleni tu. Kila jioni akishafunga karakana, alifunua turubai, akaingia nyuma ya usukani na kufunga mlango. Alizungumza na Mungu kwanza, kisha na marehemu mkewe. Kiti cha upande wa pili kilikuwa kimevutwa mbele kabisa, kwa kuwa mkewe alikuwa mfupi. Hakuwahi kukirudisha nyuma. Hakuwahi hata kukikalia. Mle ndani bado mlinukia sabuni yake, au labda ni yeye tu aliyekumbuka harufu hiyo, na hakutaka kujua ni lipi kati ya hayo mawili. Gari likiondoka, angezungumzia wapi?

Binti yake, aliyeolewa mbali, alipiga simu kila Jumapili.

"Baba, njoo ukae na sisi. Chumba kipo."

"Na gari?"

"Liuze."

"Mwanangu, bei ina…"

"Inapanda, najua. Itapanda mpaka wapi, baba? Mpaka mbinguni?"

Alicheka, naye akacheka. Simu ilipokatika, karakana ikawa kimya kuliko kabla ya kupigiwa.

Siku moja kinyozi aliingia mbio, taulo la mteja begani. "Mzee, nimekutafutia mchumba! Wa gari, si wako. Wewe nani atakutaka na huo uso wa sindano?"

Mchumba mwenyewe alikuwa daktari wa meno, mwanamke wa makamo aliyekusanya magari ya miaka ile. Angekuja Jumamosi. Mtaa mzima ulikuwa umemsikia akisema kwamba akija mnunuzi wa kweli atauza. Maji ameyavulia nguo, hana budi kuyaoga.

Ndipo akafanya jambo ambalo ni mshona viti tu angeweza kulifikiria. Alijua wakusanyaji wanapenda nini. Wanapenda kitambaa kilekile cha kiwandani, na hiki kilikuwa cha kijivu chenye mistari myekundu, hakina hata kiraka. Basi alikivua chote. Akavisha viti ngozi mpya ya kahawia, mshono maradufu, kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya. Asiyejua angeona wivu. Anayejua angesikitika na kuondoka zake.

Katika ufundi wake, kiti hakikaguliwi kwa macho. Fundi hukikalia kwanza ndipo hukikabidhi. Kile cha mkewe alikishona akiwa amepiga magoti nje ya mlango, akakikagua kwa kiganja tu. Alipomaliza aliomba: "Mungu wangu, mfanye huyo mnunuzi aende zake kwa amani." Sala hiyo aliiona kama imegonga bati na kurudi chini.

Jumamosi daktari alifika. Alizunguka gari, akainama, akasikiliza injini, akatabasamu. Kisha akafungua mlango, na tabasamu likaisha.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi."

"Kazi nzuri sana," alisema, kama mtu anayesifia jeneza.

"Si umeona?" kinyozi alidakia kutoka mlangoni kwake. "Ngozi tupu! Kama ofisi ya waziri!"

Daktari aliaga kwa adabu. Alikuwa ameshafika barabarani alipogeuka. "Samahani, mzee wangu. Vile vitambaa vya zamani ulivitupa?"

Neno moja tu lingemwokoa. Lakini kinywa kile kilikuwa kimesali asubuhi ile, na fundi alikionea haya.

"Viko ndani," alisema. "Nimevikunja."

"Sasa ulivivua kwa nini?"

"Ili usinunue."

Kinyozi alibaki na mashine ikinguruma hewani, mteja wake akiwa amenyolewa nusu kichwa. Daktari alianza kucheka, kisha akamtazama fundi vizuri, akaacha.

"Basi siku vikirudi, nipigie," alisema kwa upole. "Usiponipigia, nitaelewa."

Wiki ile fundi hakuketi kwenye gari. Kilichomuumiza hasa ni kwamba kazi nzuri kuliko zote za mikono yake aliifanya kwa nia mbaya. Aliifumua ngozi ile mshono kwa mshono, akarudisha kitambaa cha kijivu, akampigia daktari. Aliazimia kumwambia hapana waziwazi, bila kujificha nyuma ya bei.

Daktari alikuja jua likianza kuelekea magharibi. "Kabla hujanikatalia, maana naliona usoni mwako, niliendeshe kidogo," aliomba. "Twende wote."

Fundi alisimama ameshika mlango. Nafasi iliyobaki ilikuwa moja, kiti cha mkewe.

"Kiti hakijakaza?" daktari aliuliza.

"Kimekaza. Sijawahi kukaa hapa."

Akaingia. Magoti yakagonga mbele.

"Kirudishe nyuma, mzee."

"Acha kilivyo."

Waliondoka taratibu. Walipokata kona, jua likamchoma machoni, akashusha kile kibao cha kukinga jua. Nyuma yake kulikuwa na kioo kidogo ambacho mkewe alikinunua kwa mchuuzi na kukibana mwenyewe. Alikijua sana. Miaka yote mkewe alikuwa akikitazama safari nzima, naye akimtania, macho barabarani: "Unajitazama tena, bibi harusi?" Mkewe alikuwa akicheka tu, hajibu.

Alitarajia kuona uso wake wa kizee. Aliona uso wa daktari.

Akasogeza kichwa kushoto, akakisogeza kulia. Bado ni dereva. Kioo kilikuwa kimeinamishwa makusudi, kikafungwa kisisogee kwa uzi mweusi wenye nta. Uzi wa karakana yake. Fundo halikuwa lake. Lilikuwa fundo la mtu aliyetazama fundi akifunga, akajaribu.

Wakati huohuo daktari alitupa jicho kwenye kioo, na macho yao yakakutana mle ndani.

"Mzee wangu, unalia?"

"Jua tu. Kata kulia pale."

Kumbe. Safari zote zile alidhani kila mmoja wao yuko peke yake, yeye na barabara, mwenzake na uso wake. Na kioo hakina upendeleo. Anayekuona ndani yake, nawe unaweza kumwona. Angegeuza jicho mara moja tu, angemkuta akimtazama.

Waliporudi, daktari alikagua mara ya mwisho. "Kila kitu ni cha kiwandani isipokuwa hicho kioo. Ukiniuzia, hicho nitakitoa, hakina thamani."

"Nitakitoa mimi," alisema fundi.

Alichukua wembe wa kufumulia, akausogeza kwenye uzi, akasita. Akauweka chini. Alilifungua lile fundo kwa kucha, polepole, mpaka likaachia lenyewe.

"Kwa hiyo unauza?" kinyozi hakuamini.

"Nauza."

"Na bei imeacha kupanda?"

"Acha ipandie kwake."

Daktari alipoliondoa gari, chini ya bati palibaki doa la mafuta na turubai lililokunjwa. Kinyozi alirudi kwake.

Fundi aliingia ndani. Alikifunga kioo kwenye shingo ya taa ya cherehani kwa uzi uleule, kikiwa kimeinama vilevile. Alipoketi hakujiona. Aliona kigoda cha wateja, pembeni, kitupu. Aliinamisha kichwa akasali, na safari hii hakuomba kitu.

Binti yake alipopiga Jumapili, alimwambia atakuja, ila aandaliwe nafasi ya cherehani na kigoda.

"Kigoda cha nani, baba?"

"Njoo unichukue, mwanangu. Nitakueleza njiani."

Kisha akarudi kwenye mshono uliokuwa umebaki, na kila alipofika mwisho wa mstari aliinua macho kwenye kioo.