Mchanga wa Marudio

Injinia Gwakisa sikumpenda tangu siku ya kwanza, na sitajifanya nilimpenda. Alikuja Nandagala na vioo vyake, akatukusanya ofisi ya kijiji na kutueleza kama watoto wa chekechea: vioo vitakusanya jua, jua litapasha hewa, hewa itapita kwenye tangi la mchanga, na mchanga utashika moto wake mpaka giza liingie. Hapo utachemsha maji, mvuke uzungushe jenereta, tuwashe taa. Kuelewa nilielewa. Kilichonikera ni kuulizwa mara tatu kama nimeelewa.

Alitaka mchanga laini usio na udongo, na mimi ndiye niliyemwonyesha. Miaka kumi na moja nimeosha dhahabu machimbo ya Namungo. Malundo ya marudio, yaani mchanga unaobaki dhahabu ikishatolewa, nayajua yote. Nilimpeleka ili binti yangu Sabaha apate kazi. Akaipata: kukaa chumba cha mitambo, ubavuni mwa tangi, kusoma vipimo.

Majaribio yalikuwa na wiki tatu Sabaha aliposema, tena kwa kujivuna, kwamba mchanga unafika nyuzi mia tano. Niliacha kupepeta mchele. Mimi nilidhani ni joto la kuchemsha maji tu, basi. Wachimbaji tunaikamata dhahabu kwa zebaki, kisha tunaichoma, zebaki inaondoka na moshi, na moshi huo ni sumu. Nyingine inabaki kwenye marudio. Kaka yangu Anuari alichoma miaka mingi ndani ya kibanda kilichofungwa, na leo hawezi kufunga vifungo vya shati lake.

Nilimfuata Gwakisa palepale kwenye vioo. Akasema mchanga ulipimwa udongo na unyevu, ukafaa. Zebaki hakuna aliyeitafuta. "Mama, mchanga ni mchanga," akasema, akageukia simu yake.

Kijiji nacho kikanigeuka, waliposikia nataka mtambo usimamishwe. Dionisia, muuguzi wa zahanati, aliniambia mbele za watu kwamba miaka tisa anazalisha kwa tochi ya simu, na kama nina roho mbaya niende nayo Namungo nilikotoka. Nilimjibu maneno ambayo sitayaandika. Sabaha mwenyewe alisema namwonea wivu kwa kuwa anapata mshahara bila kuchafuka matope.

Nikavua kipini changu cha pua, dhahabu ya Namungo, nimekivaa tangu niolewe. Dhahabu ikiguswa na zebaki hugeuka nyeupe, kila mchimbaji anajua. Nikamwambia Sabaha akitundike ukutani mle chumbani, mbali na joto. Kikibaki na rangi yake, nitaomba radhi mbele ya kijiji kizima. Alikichukua akicheka.

Siku ya nne alikirudisha, hacheki tena. Kilikuwa cheupe kama bati.

Nilikipeleka mkutano wa kijiji. Gwakisa akakigeuzageuza, akasema labda si dhahabu halisi. Hakubahatika, kwa sababu mbele walikaa wachimbaji peke yao. Bakary, aliyemuuzia ule mchanga, alikitazama mara moja tu, akainuka na kuondoka. Wengine wakaanza kusogeza watoto wao nyuma. Gwakisa akaagiza vioo vyote vigeuzwe visitazame tangi.

Nilifurahi, nakiri. Nilipita katikati ya watu walionitukana, shingo juu, hata Dionisia sikumwacha bila jicho. Nilisema moyoni, leo nimemwokoa mwanangu, na huyu bwana atajifunza kuuliza.

Sabaha alinisubiri barazani kwetu. Hakunikaribisha.

"Siku unamwonyesha lile lundo, ulijua lina zebaki?"

Ningeweza kusema sikujua kama litachomwa, na ni kweli sikujua. Lakini hilo silo aliloniuliza.

"Nilijua."

"Ukaniombea kazi."

Nilianza kueleza habari ya joto. Alikwisha kuingia ndani, anafunga nguo zake kwenye kanga.

Asubuhi gari la mradi lilisimama kwa shangazi yake, alikohamia, kumpeleka hospitali Nachingwea akapimwe damu. Nilikimbia na kanga yangu begani niende naye. Sabaha akafunga mlango wa gari, akatazama mbele. Gwakisa ndiye aliyeshusha kioo, akaniambia kwa upole, nami sikutaka upole wake, kwamba mgonjwa amesema asindikizwe na yeye injinia, si na mama yake.