Firigisi za Mukhisa

Mke wa mwanangu anaitwa Waithera, kwao ni Kitale. Ana roho safi. Akija kwetu Kanduyi na kuona miguu yangu imevimba, huinama akanivua viatu bila kuombwa.

Alipokuwa bado mgeni katika ndoa, mume wangu Mukhisa alienda kuwatembelea. Waithera alipika kuku vizuri sana, lakini firigisi akamtupia paka. Kwao si kitu. Kwetu firigisi ni ya mzee, na kumnyima ni kama kumwambia hatumjui. Mukhisa alikoroga mchuzi, akatafuta, akala hivyo hivyo. Waithera alipoelezwa alilia, akaomba msamaha, na Mukhisa akasema yameisha.

Kwa Waithera hayakuisha. Tangu hapo, kila akija huleta mfuko wa firigisi kutoka soko la Kitale, anamkaangia Baba, kisha anabaki jikoni. Mezani hakai nasi. Nilitamani sana aketi, lakini mtu haburutwi kwenda kula.

Na Mukhisa meno yamembakia machache, tena hayakutani.

Pasaka hii Waithera alichungulia mlangoni akamwona mzee anatafuna, shavu limejaa, machozi yanamlengalenga. Kisha akaona firigisi moja ikiingia kwenye mfuko wa koti.

Akarudi jikoni, akaketi kwenye kigoda. Mimi nikaendelea kuchambua kunde.

"Mama, kwani Baba anapenda hizi firigisi?"

"Anakupenda wewe. Firigisi anazivumilia."

Akavuta kigoda karibu. "Ile siku si nilikuwa sijui? Na nikaomba msamaha, akanisamehe."

"Alikusamehe."

"Sasa hizi zote nimekuwa nikileta za nini? Baba hana neno na mimi. Ni mimi nimekataa kujisamehe, halafu namchosha mzee wa watu taya."

"Taya na koti pia," nikasema. "Mwenye kulifua ni mimi."

Alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akapakua chakula chake, akaenda kuketi karibu na Mukhisa, nami nikamfuata.

"Baba, toa hiyo iko kwa mfuko."

Mukhisa aliitoa polepole, ameinamisha uso. "Sasa tuifanyie nini, mama?"

"Sijui, Baba. Wewe ndiye mwenye firigisi."

Mzee akaigeuza mkononi. "Basi mpe paka. Hiyo kazi unaijua."

Waithera akamtupia paka chini ya meza, akavuta ugali karibu, akaanza kula.