Chini ya Njia ya Kebo

Watu wa Mwabuhunge hawana desturi ya kujaa mkutanoni msimu wa palizi, lakini siku ile walijaa hadi wengine wakakaa juu ya matofali ya darasa lisilokwisha. Eufrasia alichagua kukaa nyuma kabisa, akatandika khanga yake penye kivuli cha ukuta wa ofisi ya kijiji. Kutoka pale alimwona vizuri shemeji yake Nkwabi, aliyesimama mbele karibu na meza ya wageni, mikono nyuma, kama mtu asiye na neno na mtu.

Jambo lenyewe lilikuwa la umeme. Ng'ambo ya kilima kampuni moja ilikuwa imejenga kituo cha kuhifadhi umeme: safu za makontena meupe yenye betri ndani, ya kushiba jua mchana na kutoa umeme jioni watu wanapowasha taa. Umeme huo ulitakiwa ufike kwenye kituo cha kupozea, kando ya barabara ya kwenda Ushirombo. Nguzo wanakijiji walikwisha kuzikataa, kwa sababu mwaka juzi moja iliangushwa na upepo ikaua ng'ombe zizini. Basi kebo ingezikwa ardhini, na njia yake ilikuwa imewekwa vigingi vyenye rangi nyekundu, kutoka kilimani, kupita pembeni mwa shamba la karanga la Eufrasia, mpaka barabarani.

Aliyekuja kuyaeleza hayo alikuwa afisa mipango miji wa halmashauri, dada mmoja mrefu aitwaye Noela, mwenye sauti ndogo iliyowalazimisha watu kunyamaza ili wamsikie. Alisema kibali cha kuchimba hakijatoka, na hakitatoka mpaka wenye ardhi wasikilizwe na udongo upimwe.

Eufrasia alisikia yote hayo kwa sikio moja. Lile la pili alikuwa ameliacha ardhini.

Kwa maana chini ya vile vigingi kulikuwa na watu.

Nyuma ya nyumba yake lilikuwapo bani la zamani, ambamo marehemu baba mkwe wake alikuwa akikaushia tumbaku. Ndani ya bani hilo Nkwabi na mdogo wake Mihayo, mumewe Eufrasia, walikuwa wamefungua duara, shimo la kuchimbia dhahabu. Leseni hawakuwa nayo. Walianza wakisema ni kujaribu tu. Wakapata jiwe lenye dhahabu, na tangu hapo jiwe likawa linawaongoza kama ng'ombe aliyefungwa kamba puani. Walishuka, wakageukia upande, wakalifuata. Asubuhi ile, Mihayo alipokuwa akifunga tochi kichwani, Eufrasia alimuuliza wamefika wapi. Mihayo alijibu kwamba vigingi wameshavipita.

"Na mtambo wa kuchimbia mtaro ukija juu yenu?"

"Mtambo hauji mpaka kibali kitoke, Mama Jenifa. Serikali haina haraka. Mpaka hapo sisi tutakuwa tumemaliza na kufukia."

Akashuka na wenzake watatu. Waliichagua siku hiyo kwa makusudi: watu wote wangekuwa mkutanoni, na hakuna ambaye angesikia nyundo. Nkwabi ndiye aliyebaki juu, aende akasikilize wageni wanasema nini.

Maswali yalikuwa mengi. Mmoja aliuliza kama ng'ombe akilala juu ya kebo mimba itaharibika. Mwingine alitaka kujua kama mihogo itapandwa tena pale. Noela aliwajibu mmoja mmoja bila kumcheka mtu, kisha akasimama.

"Kabla sijafunga, nauliza jambo moja," alisema. "Kuna mtu anajua kitu chochote kilicho chini ya ardhi hii? Kaburi la zamani, bomba, duara? Kama kipo, tukijue sasa. Leo kupindisha njia ni kuchora mstari mwingine tu. Baadaye ni shida."

Pakawa kimya. Nkwabi aligeuka polepole, akawapitishia watu macho mpaka yakamfikia Eufrasia nyuma kule, yakatulia hapo. Hakumkazia sura. Alimtazama tu, kama mtu anavyotazama mlango kuhakikisha umefungwa.

Eufrasia aliinamisha kichwa. Aliwaza vijana wa kijiji cha jirani waliokamatwa mwaka jana kwa kuchimba bila leseni. Aliwaza wanawake wenzake wa jumuiya, namna ambavyo wangemwona: mwanamke aliyemuuza mumewe mbele ya hadhara. Akajiambia kwamba Mihayo amesema kweli, serikali haina haraka. Alinyamaza, na kimya chake kikaingia katika kile cha wenzake, kisijulikane.

Noela alishukuru. Halafu akasema neno ambalo hakuna aliyelitazamia: kwa kuwa mtambo wa kuchimbia umeshafika kilimani kwa kazi nyingine, wao hawatangoja tena. Udongo utapimwa leo hii, mashimo machache ya majaribio kando ya vigingi, na yeyote anayetaka aje ashuhudie.

Watu walianza kuinuka wakijikung'uta vumbi. Eufrasia hakuikunja hata khanga yake. Alipenya katikati ya watu akamfikia Nkwabi, akamwambia kwa Kisukuma, taratibu, kwamba awatoe.

Nkwabi alikuwa ameanza kutokwa na jasho juu ya mdomo. Alimwambia anakwenda sasa hivi kutikisa kamba, lakini wako mbali ndani, na mwenye kugonga nyundo hasikii kamba. Watachelewa kutoka. "Wewe wacheleweshe hawa," alisema. "Lia, anguka, dai mipaka, fanya lolote. Ila hilo usilitamke. Ukilitamka tumekwisha sote." Akaondoka kwa hatua za mtu asiye na haraka, na alipoupita ukuta wa ofisi akakimbia.

Eufrasia naye alikwenda shambani kwake.

Alipofika, mtambo ulikuwa umeshashuka kilimani. Ulikuwa mkubwa kuliko alivyoufikiria, wa manjano, unatembea kwa minyororo, na kila unapokanyaga karanga zililala zisiinuke. Alihisi mtetemo nyayoni kabla hajausikia vizuri masikioni. Umati ulikuwa ukiufuata kama unaofuata ngoma. Kutoka bani hakuona mtu akitokea.

Akaanza na mipaka. Alimwendea Noela akamwambia kigingi kile kimeingia ndani ya shamba lake. Noela alimsalimia kwanza, shikamoo mama, akafungua ramani, akamwonyesha kwa subira kwamba kigingi kipo mahali pake. Eufrasia akasema karanga zake zinaharibiwa. Noela akasema zitaandikwa na zitalipwa. Eufrasia akatafuta la tatu, akalikosa. Mtambo ulikuwa unakuja. Alitazama bani: mlango wa mabati umefungwa, kimya. Aliwaza matimba, yale magogo wanayokingia paa la njia ya chini, ambayo alimwona Mihayo akiyabeba begani mwezi uliopita akilalamika kuwa ni mti laini, mti mzuri umekwisha.

Hakukumbuka baadaye kuwa aliamua. Alichokumbuka ni kwamba aliusikia moto wa injini usoni, na ya kuwa dereva, kijana wa Tarime aitwaye Mwita, alikuwa amesimama kwenye kiti chake akimpungia mkono aondoke njiani. Hakuondoka. Mwita akasimamisha mtambo, akachungulia.

"Mama, utaumia."

"Zima," Eufrasia alisema. "Zima, baba. Kuna watu chini."

Mwita hakuuliza mara mbili. Injini ikazimika.

Noela alimfikia akihema. Alimuuliza ni watu gani, chini wapi. Kabla Eufrasia hajajibu, sauti ya Nkwabi ilitoka nyuma ya umati. Alikuwa amerudi kutoka bani, magoti yake mekundu kwa udongo, na alikuwa anacheka kicheko kibaya. Alimwambia afisa asimsikilize huyu shemeji yake, ana matatizo ya kichwa tangu alipofiwa na mama yake, ataona watu hata kisimani.

Macho yote yakamrudia Eufrasia. Alitambua kwamba sasa maneno mawili hayatoshi, kwamba lazima aende mpaka mwisho wa njia aliyoianza.

"Ni mume wangu," alisema. "Mihayo. Yuko na Samwel na Raphael na Donatus. Wameingilia ndani ya bani lile. Mimi ndiye niliyewapa uji asubuhi, kwa hiyo msiniambie nimeota. Wako hapa tulipo."

Mwanamke mmoja katika umati alianza kulia kwa sauti ya chini. Alikuwa mama yake Donatus, ambaye aliamini mwanawe amekwenda Kahama mjini kutafuta kibarua.

Noela aliutazama mtambo, akaitazama ardhi chini ya minyororo yake. Rangi ilikuwa imemtoka usoni, lakini sauti haikubadilika. Aliwaamuru watu wote warudi mpaka barabarani, taratibu, bila kukimbia. Alimwambia Mwita ashuke na asiuguse mtambo: kuuwasha kungeitikisa ardhi, kuuacha nako ni uzito ule ule juu ya vichwa vya watu, katika mabaya hayo mawili alichagua lile la kutulia. Kisha akamwambia Eufrasia ampeleke bani.

Nkwabi aliwafuata bila kuambiwa. Kicheko kilikuwa kimekwisha. Ndani ya bani mlikuwa na giza na harufu ya tumbaku ya miaka, na mdomo wa duara ulikuwa pale katikati, umezungushiwa magogo, kamba ikining'inia ndani. Nkwabi alisema ameitikisa mpaka mikono imechubuka, hawajaitika. Hapo ndipo Eufrasia alipojua kwamba Nkwabi alirudi shambani kuwadanganya watu hali akijua ndugu yake hajatoka, na kitu fulani kati yao kikakatika.

Akalala kifudifudi mdomoni mwa shimo akaita. Hakuita jina la mumewe. Aliita jina la mtoto, Jenifa, kwa sauti nyembamba ndefu anayomwitia jioni kutoka malishoni, kwa sababu sauti ile inafika mbali. Aliita, akasikiliza, akaita. Nyundo, ambayo ilikuwa ikisikika mbali kama moyo wa mtu aliyelala, ikanyamaza. Baada ya muda kamba ikatikisika mara moja.

Raphael ndiye aliyetokea kwanza, mweupe kwa vumbi hadi kope. Akamfuata Donatus. Samwel alichukua muda mrefu, na alipofika juu alitapika. Halafu kamba ikalegea, ikakaa imelegea, na Eufrasia akaanza Salamu Maria asiweze kupita maneno ya kwanza. Ilipokazika tena yeye na Nkwabi na Noela waliivuta pamoja, viatu vya afisa vikiteleza udongoni, mpaka kichwa cha Mihayo kikatokea.

Mihayo alimtazama mkewe, akamtazama yule mgeni, akaelewa.

Ardhi haikuzama. Mtambo uliondolewa kesho yake kwa kurudi nyuma katika nyayo zake zile zile, na shamba likabaki vilevile. Polisi walikuja. Nkwabi na Mihayo walilala mahabusu siku kadhaa, wakatozwa faini, na duara likafukiwa mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Nkwabi alizunguka kwenye vilabu vya pombe akisema mwanamke amewamaliza kwa hofu yake mwenyewe, maana ardhi ilisimama na ingesimama. Baadhi walimwunga mkono. Mama yake Donatus alimletea Eufrasia kuku jike, akamwachia mlangoni, akaondoka kabla ya kukaribishwa.

Kilichomuumiza Eufrasia si maneno ya Nkwabi, ni kimya cha Mihayo. Alikula, alilima, alimjibu alipoulizwa, basi. Na yeye mwenyewe, akiwa peke yake, alijiuliza: kama ardhi ingesimama kweli? Na swali la pili, lililo baya zaidi: kwa nini hakusema alipoulizwa mara ya kwanza, watu wote wakiwa wameketi salama na mtambo ungali kilimani?

Kibali kilitoka kiangazi, njia ikiwa imehamishiwa upande wa pili wa barabara. Noela alipita mwenyewe kuwaambia. Siku ya kuzika kebo watu walikwenda kutazama, Eufrasia na Mihayo wakiwamo. Mtaro ulikuwa mnyoofu. Waliona mchanga ukimwagwa chini, kisha kebo nyeusi, nene kama mkono wa mwanamume, ikilazwa polepole kutoka kwenye gurudumu lake, kisha mchanga tena, na utepe wa manjano wa kuonya watakaochimba baadaye.

Mihayo alitazama mpaka utepe ukafunikwa. Kisha akasema, bila kugeuka:

"Siku ile ulinidondokea shingoni, udongo wa paa. Samwel alisema kuna kitu kinatembea juu. Mimi nikamwambia agonge tu, jiwe liko karibu."

Eufrasia alingoja.

"Mimi niliulizwa mkutanoni," alisema, "nikanyamaza."

Mihayo aliitikia kwa kichwa. Wafanyakazi walikuwa wakirudishia udongo kwa makoleo. Kisha Mihayo akamwambia twende, karanga hazijang'olewa zote, na wakavuka barabara pamoja.