Habari Isiyo na Chanzo

Treni ya buluu ilikuwa imeondoka stesheni ya Duvbo, hapa Sweden, simu ilipoita, na namba iliyotokea ilikuwa ya Australia. Miaka sita sikuwa nimeisikia sauti ya mdogo wangu Olive. Niliitambua kabla hajamaliza neno la kwanza, “yaya”, ndiyo dada mkubwa kwa Kiswahili cha kwetu Uvira.

“Yaya, ni weye njo uliandika pale?”

“Ni miye.”

“Ile siku ya kuzaliwa, na jina la mama. Mkutubi wa huku ameniuliza mbona niko na tarehe mbili.”

“Ni ya kweli, Olive.”

“Najua ni ya kweli. Njo maana uitoshe, uifute. Itoshe leo.”

Akakata. Nilisimama, nikaketi, nikasimama tena, hata mama mmoja wa Kiswidi akadhani ninamwachia kiti.

Pale alipopasema Olive ni kwenye kamusi elezo ya Kiswahili mtandaoni, ambako yeyote anaweza kuandika na yeyote anaweza kumsahihisha mwenzake. Nimeandika humo makala mia mbili na ushei juu ya waandishi wa Australia na vitabu vyao, na nchi yenyewe sijaikanyaga. Wenzangu walinitania, wakaniita Mama Australia. Hawakujua kwamba waandishi wale wote walikuwa kisingizio. Tangu tukiwa wakimbizi kambini Olive alikuwa akiandika hadithi nyuma ya makaratasi ya mgao, nami nilijua ipo siku atatoa kitabu. Basi nilipekua kila orodha ya vitabu vipya vya huko. Mtafutaji hachoki, akichoka keshapata.

Kambi ilikuwa Kigoma. Jina la shangazi yetu lilitoka kwa safari ya Australia, letu halikutoka. Mama yetu, Elise, akamwandikisha Olive kwa shangazi kama bintiye, amepunguzwa miaka mitatu, amezaliwa mosi Januari kama nusu ya kambi. “Mmoja apone kwanza,” alisema, na hakulia mpaka lori lilipoondoka. Sisi tuliletwa Sweden miaka minne baadaye.

Mama alipofariki, Olive hakuja Rissne, tulikokuwa tukikaa. Kazini walimkatalia ruhusa. Kwenye karatasi Mama alikuwa shangazi yake tu, na nani hupewa majuma mawili ya kumzika shangazi upande wa pili wa dunia? Nilikuwa na uchungu, nikautema kwenye simu: “Basi si mama yako.” Neno hilo nililisema mimi, kwa akili zangu timamu. Hakunipigia tena, na namba yake ikakoma kuita.

Kitabu chake nilikipata juma moja kabla ya asubuhi ile ya treni: kurasa mia na kumi na mbili, kimechapishwa na watu wawili katika mji mdogo. Nililia, kisha nikaandika makala. Jalada lilisema mosi Januari. Sasa mimi ni mtu wa tarehe. Tarehe ya uongo huniwasha kama upupu, na waandishi wangapi nimewasahihisha! Nikaweka mwaka wake wa kweli, tarehe tisa Agosti, Uvira, binti wa Elise. Nilidhani ninamrudishia mama yake. Kumbe ninamvua nguo hadharani, maana uraia wake na kazi yake vilisimama juu ya ile mosi Januari.

Nilishuka Sundbyberg nikijua kwamba nitachelewa kazini, kwa wazee ninaowatunza. Kufuta peke yake hakukutosha. Kwenye kamusi ile kila toleo la zamani hubaki nyuma ya makala, na mwenye kutaka hulifungua. Ni mkabidhi tu, yaani msimamizi wa kamusi, awezaye kulificha, na mkabidhi niliyemjua ni Ladislaus wa Rågsved, upande wa pili wa jiji, Mhaya aliyekuja zamani kusomea uhandisi. Nilimpigia nikizunguka benchi la stesheni.

“Dada Célestine,” alisema, “wahenga walituambia maji yakimwagika hayazoleki. Hapa kwetu huzoleka, ila lazima kuwe na sababu. Hiyo tarehe ina chanzo?”

“Mama yangu.”

“Aliandika wapi?”

“Hakuandika. Alizaa.”

Nikamsikia akiifungua makala kwenye kompyuta yake.

“Basi iondoe wewe mwenyewe, dada, na uandike sababu,” akasema taratibu. “Mengine niachie mimi.”

Nikafungua makala palepale. Nikafuta tarehe, nikafuta Uvira, nikafuta jina la Mama. Nikarudisha mosi Januari. Kwenye kisanduku cha sababu niliandika: “Habari hizi hazina chanzo.” Mara ya pili nilikuwa nimesema kwamba Mama si mama yake, na safari hii nilihakikisha kila mtu ataamini. Niliona aibu, lakini nilibonyeza.

Olive aliandika neno moja tu: “Aksanti.” Miezi ikapita. Nilikuwa nikiitazama namba yake wakati wa mapumziko ya chai, naifungua, naifunga. Tarehe tisa Agosti nikapiga. Kabla hajasema lolote nikamwomba radhi kwa lile neno la msiba.



“Yaya, nilizaliwa saa ngapi?”

“Asubuhi. Miye njo walinituma kwa mkunga. Nilikimbia na kiatu kimoja.”

“Kingine kilienda wapi?”

Nikainuka kutafuta kalamu, maana sijui kukumbuka bila kuandika. Nadhani alisikia droo ikifunguka.

“Usiandike, yaya,” akasema. “Niambie tu.”

Nikarudi kuketi, nikamwambia.