Nusu ya Pili

Fundi Kochi na mkewe walikuwa wakivuta sigara moja kwa zamu, na wala haikuwa kwa ubahili. Karakana yao ilijaa sponji, gundi na mabunda ya vitambaa, vitu ambavyo cheche moja tu ingevimaliza, kwa hiyo kuvuta ndani ilikuwa mwiko. Na wote wawili wasingeweza kutoka kwa pamoja, wateja wakaingia wakakuta makochi yanajitengeneza yenyewe. Basi fundi alitoka nyuma kwanza, akavuta nusu, akaibana ncha kwa kidole kigumu kisichosikia moto, akakiweka kipisi kwenye tofali chini ya dirisha. Akirudi ndani, mkewe aliacha cherehani, akaenda kummalizia. Hawakuwa watu wa maneno matamu. Mapenzi yao yalikuwa ni ile nusu ya pili, na mkewe alipokikuta kipisi kifupi kuliko kawaida alirudi amenuna hadi jioni.

Mkewe alikufa kwa mapafu. Alikohoa mwaka mzima, mara mbili za haraka kisha moja ndefu, halafu akasafisha koo kama mtu anayetaka kusema jambo kisha akaghairi. Fundi hakulia msibani. Watu walimsifu kwamba ni mwanamume, amejikaza kisabuni, naye akapokea sifa hizo kama mtu anayepokea mzigo wa mwingine. Wiki ileile akafungua karakana. Binti yao mkubwa, aliyekuwa ameachika na kurudi nyumbani, akakaa kwenye cherehani ya mama yake.

Siku ya kwanza ya kazi fundi alitoka nyuma, akavuta nusu, akaweka kipisi kwenye tofali. Mkono ulifanya wenyewe. Aliporudi mchana hakukikuta.

Nywele zilimsimama. Aliangalia chini, akapekua majani, akaangalia hadi kwenye paa. Kisha, hapo hapo peke yake, akacheka. Kesho yake akaweka kingine, kikaondoka. Akaweka tena na tena, na kila kikiondoka fundi alirudi kwenye nyundo yake amechangamka kama bwana harusi. Hakumwambia mtu. Nani angemwelewa? Wangesema mzee amerukwa na akili, aombewe. Mimi nasema angetaka kujua, angejua. Wakati yeye ameinamia misumari, kulikuwa na mtu mmoja tu mwingine mle ndani, na mtu huyo alikuwa akitoka kila siku kwenda kumwaga vipande vya vitambaa huko nyuma. Lakini fundi hakutaka kujua. Alitaka mkewe.

Kisha pumzi ikaanza kumpiga chenga. Kunyanyua kochi la mtu mmoja tu kulimfanya aone nyota. Binti alimburuta hospitali, na daktari, baada ya kumsikiliza mgongo, hakuzungukazunguka.

"Mzee, mapafu yako yamechoka. Ukiacha sigara leo, utaishi na mapafu hayo hivyo hivyo. Usipoacha, hutafika mbali."

Binti aliangua kilio palepale, mbele ya daktari na wagonjwa wengine mlangoni. Fundi akaona aibu, akaona na huruma, akaapa kwamba ameacha.

Kuapa ni rahisi. Mikono ilianza kumtetemeka, misumari ikapinda, akajigonga kidole gumba akatukana hadi mteja mmoja akachukua mito yake ikiwa haijashonwa. Alitafuna njiti za kiberiti. Usingizi ulimpotea. Lakini haya yote angeyavumilia, maana mwili ukinyimwa hulalamika kisha huzoea. Kilichomtesa ni lile tofali. Alimwona mkewe anakuja, anaangalia, anakuta patupu. Leo patupu, kesho patupu. Mwanamke aliyekuwa akinuna kwa kipisi kifupi, huyu angefanya nini kwa kukosa kabisa? Na kama asipokuja tena? Fundi alijua vizuri sana alichokuwa akiombwa. Aliombwa amfukuze mkewe ili yeye apate pumzi.

Asubuhi moja, ameacha nyundo ili apumue, akakisikia. Mara mbili za haraka, moja ndefu, kisha koo likasafishwa. Kilitoka nyuma ya ukuta, chini ya dirisha.

Cherehani ilikuwa kimya, binti ametoka na vipande vyake. Kikohozi kikaja tena. Fundi alisikia moyo unampasuka kwa hofu na kwa furaha, hajui kipi kimezidi. Alikuwa amekuja. Alikuwa anadai chake.

Mzee hakubishana na nafsi yake hata kidogo. Alitoka mlango wa mbele, akaenda dukani, akanunua sigara moja, akazunguka na njia ya nyuma akiwa ameishika kwenye kiganja, kiberiti mkono wa pili. Alikuwa akisema kwa sauti ya chini, "Nakuja, mke wangu, usiondoke, nakuja."

Alipokata kona alimkuta binti yake amechuchumaa kando ya tofali, ameinama anakohoa, sigara inawaka kati ya vidole.

Binti akaificha sigara nyuma ya mgongo, moshi ukapanda juu ya bega lake ukamsaliti.

"Ni wewe?" fundi aliuliza.

"Ni mimi, baba."

"Na vile vyote?"

"Vyote." Alifuta macho kwa kiganja. "Siku ile ya kwanza nilikitoa nikitupe, usije ukakiona ukaumia. Ukaja, ukakikosa, nikakuchungulia dirishani, ukacheka. Ulikuwa hujacheka tangu tumzike mama. Kesho yake ukaweka kingine, nikaona kukitupa ni kama kumtupa yeye. Nikasema nivute kidogo, nijue alikuwa anapata nini humu."

"Na hii ya leo? Mimi si nimeacha?"

"Hii nimenunua mwenyewe. Ulipoacha ndipo nilipojua nimeshanasa. Nakimeza kikohozi mle ndani hadi kifua kinauma."

Fundi alitaka kumfokea. Alitaka kumzaba kibao, mtu mzima yule, na alitaka kumkumbatia. Lakini chini ya yote hayo, mwanawe akilia mbele yake, mwili wake ulikuwa unautaka moshi ule uliopanda begani. Aliuvuta puani kabla hajajizuia. Akajichukia.

"Nilikuwa nakulisha mimi," alisema. "Kwa mkono wangu."

"Baba, siwezi kuacha. Nimejaribu."

Fundi aliivunja sigara yake, tumbaku ikamwagika miguuni. "Na mimi siwezi. Basi tusiweze pamoja."

Haikuwa kazi ya siku moja, asikudanganye mtu. Walinuniana. Binti alirusha mkasi ukutani. Mzee alianguka siku moja, akavuta, akarudi amejipaka gundi mikononi kuficha harufu, binti akamwambia, "Sogea hapa nikunuse," naye akakamatwa kama mtoto mwizi wa sukari. Binti naye alianguka, akaja kusema mwenyewe. Na wakati wote huo kikohozi kiliendelea, sasa waziwazi, kwenye cherehani. Kila kiliposikika fundi aligeuka haraka, jina la mkewe liko mdomoni tayari, kisha akamwona anayekohoa. Mzimu angeuzoea. Hili la kumsikia marehemu ndani ya kifua cha mwanawe hakulizoea.

Kikapungua. Kikawa cha asubuhi tu. Kikapoteza ile ndefu, zikabaki zile mbili za haraka.

Halafu ikaja siku ambayo fundi alikuwa akimpimia mama mmoja kitambaa cha makochi yake, mgeni kabisa mtaani, akagundua kwamba anasikiliza. Alikuwa akisikiliza tangu wafungue mlango. Cherehani ilikuwa ikikimbia, binti akiimba chini chini kwa pumzi ndefu, safi, na hapakuwa na kitu kingine. Alisubiri. Kikohozi hakikuja. Alimshukuru Mungu kwa moyo wake wote, na hapo hapo akakaa juu ya kochi lisilo na mito, machozi yakimtoka.

"Jamani, mzee, una nini?" mteja alishtuka.

"Mke wangu amefariki."

Cherehani ilinyamaza.

"Pole sana, baba," mteja alisema, mkono kifuani. "Lini?"

"Leo," fundi alisema, na binti yake akaja akakaa karibu naye.