Mto wa Bibi Harusi

Walipogawana mito ya kushona, Mkunga aliuwahi wa bibi harusi kabla mwenzake yeyote hajanyoosha mkono. Wanawake wakacheka.

"Taratibu, shoga, mto haukimbii," alisema Kidomo, muuza vitambaa aliyelipata jina hilo kwa haki na wala halikumkera.

Walikuwa wanawake wachache wa kujitolea, wakikutana kila Alhamisi mchana katika chumba cha nyuma ya kanisa, kule kunakowekwa viti vibovu na majoho ya kwaya. Mito ya zamani ya kupigia magoti ilikuwa imechanika hadi sponji ikachungulia, na mchungaji aliomba mipya. Kazi yenyewe ilitaka subira: kitambaa kigumu chenye matundu kama wavu, sindano butu, nyuzi nene za sufu, na kushona mshazari, tundu baada ya tundu, mpaka ua lianze kujitokeza. Mkunga, ambaye kabla ya kustaafu aliwapokea duniani nusu ya vijana wa mji ule, alikuwa na mkono mwepesi. Ila mto huu hakuutakia wepesi. Aliushona, akaufumua, akaushona tena.

Bibi harusi mwenyewe alikuwa binti wa mdogo wake. Alimwita Mkunga mama mkubwa. Zamani alimwita mama.

Ilikuwa hivi. Mdogo wake alipata kazi ng'ambo mtoto akiwa ndiyo kwanza anaota meno, akamwachia dada yake "mpaka nijipange." Kujipanga kukala miaka. Mkunga, ambaye hakujaliwa mtoto, ndiye aliyemfundisha yule binti kutembea, kufunga kamba za viatu, kulala bila taa. Akiwa zamu alimlaza kwenye benchi la wauguzi, amefunikwa koti jeupe la kazi. Kisha mdogo wake akarudi na kumchukua mwanawe, kwani wake ni wake. Majirani wakasema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na Mkunga, aliyeusikia uchungu huo maisha yake yote kupitia vinywa vya wengine, alizikunja nguo za mtoto, akazifunga, akasimama mlangoni akipunga mkono. Mtoto alilia "Mama! Mama!" hadi gari lilipokata kona.

Tangu hapo ndugu hao wawili walisalimiana, walitembeleana, hata walicheka pamoja. Jambo hilo tu hawakuligusa.

Alhamisi moja, harusi ikiwa imekaribia, binti alichungulia mlangoni.

"Hodi humu! Nimekuja kukagua kazi."

"Kagua, mwanangu," Kidomo alidakia. "Wa bwana harusi nimeushona mimi, nikauvimbisha maradufu. Mwanamume mwenye mwili ule akipiga magoti vibaya si atatutobolea sakafu!"

Binti alicheka hadi akajifuta macho. Akaja kukaa kando ya mama yake mkubwa, akapitisha kidole juu ya maua ya buluu.

"Nifundishe. Nataka nishone hata kidogo."

Mkunga akamshika mkono kumwelekeza. Kiganja kilikuwa kikubwa sasa, kucha zimepakwa rangi, na bado kilikuwa na joto lile lile. Alitamani kisiondoke.

"Mama mkubwa," binti alisema kwa sauti ya chini, Kidomo akiwa ameshahamia hadithi nyingine, "juzi mama kaniambia niliwahi kuishi kwako. Eti nilikuwa nakuita mama. Ni kweli?"

Sindano ikasimama.

"Ni kweli."

"Sikumbuki. Nimejaribu mpaka kichwa kimeniuma. Nakumbuka benchi tu, na harufu ya dawa. Siku zote nilidhani nilikuwa mgonjwa."

Mkunga angeweza kumsimulia mpaka jua lizame. Lakini alimtazama usoni, akaona furaha ya mtu anayekwenda kuolewa, akaona si haki kumtwika mzigo usio wake.

"Hukuwa mgonjwa," alisema. "Ulikuwa unanisubiri nimalize kazi."

"Nilisubiri sana?"

"Kidogo tu, mwanangu. Haya, vuta uzi, usiuache ulegee."

Siku ya harusi Mkunga alikaa safu ya tatu, karibu na nguzo. Wazazi walipoombwa wasimame, mdogo wake alisimama, leso mkononi. Magoti ya binti yalipozama kwenye maua ya buluu, Mkunga alifumba macho na kumwombea kila alichojua kukiomba. Nje, binti aliwakumbatia mashangazi wote, naye akamkumbatia. Mkunga alihisi kwamba yeye alishikwa muda mrefu zaidi, ila hakuwa na hakika. Kesho yake maharusi walihamia mji wa mbali, alikofanya kazi bwana harusi.

Haikupita wiki mdogo wake akaja. Hakupiga hodi. Alipita moja kwa moja hadi jikoni, akavuta kiti na kukaa na mkoba wake mapajani kama mgeni.

"Nyumba imekuwa kimya, dada. Naingia chumbani kwake nasahau nilichokifuata. Jana nimempikia, sahani nimeshaiweka mezani ndipo nikakumbuka."

Mkunga alimmiminia chai.

"Siku ile nilipomchukua," mdogo wake akaendelea, "sikugeuka kukutazama. Niliogopa nikikutazama nitakuachia."

"Alikuwa mwanao."

"Najua. Lakini wewe uliwezaje, dada? Niambie uliwezaje, maana mimi nimeshindwa."

Mkunga aliweka birika chini. Kwa swali hilo alikuwa ameshaandaa majibu mengi moyoni, mengine ya upole, mengine makali kama wembe. Hakuna hata moja lililomjia.

"Sikuweza," alisema.

Mdogo wake akainamia meza, mabega yakamtikisika. Mkunga alimwacha alie. Kisha akasogeza kiti karibu, akamwekea mkono mgongoni, akaanza kumsimulia jinsi binti alivyokuwa akimwogopa jogoo wa jirani, akapita kila asubuhi amebeba mwavuli hata jua likiwaka, na jinsi alivyomkemea jogoo huyo kwa sauti ndogo, "Nenda kwenu, wewe, kwenu kuna chakula."

Mdogo wake akainua uso uliolowa. Katikati ya kilio alikuwa akicheka.

"Hilo sikulijua," alisema. "Endelea."