Sanduku la Habari Nzito

Naanza na kufuli, maana kila nikilikumbuka damu inanichemka. Simu ya baba mkwe wangu, Mzee Teodori, ilikuwa ndiyo simu pekee mtaani kwetu Chanji. Aliivuta mwaka 1994, biashara ya mahindi ilipoachiwa watu binafsi na mambo yakamnyookea, na siku hiyohiyo akalitia kufuli duara la namba. Kupokea, ruksa. Kupiga, mpaka yeye. Funguo zake alizivaa shingoni pamoja na rozari.

Kazi ya kupokea nikapewa mimi, Redempta, mkwe wa nyumba, eti kwa sababu nimemaliza kidato cha nne na mwandiko wangu unasomeka. Heshima gani hiyo! Mtu wa Tunduma anataka bei ya gunia, naacha ugali jikoni unaungua. Mtu asiyejitambulisha anasema, "Niitie Mama Shedrack, nitapiga tena baada ya dakika kumi," nami huyo, mbio, kanga inanivuka. Nikirudi nahema, wifi yangu Cornelia yuko palepale kwenye kochi, ananiuliza kwa nini ugali umeungua.

Habari za kawaida niliziandika kwenye daftari. Habari nzito, yaani za ugonjwa na msiba, zilikuwa na sheria yake. Mwaka ule wa kwanza, mama mkwe wangu, Mama Marsiana, alipigiwa kelele kutoka sebuleni kwamba kaka yake amekufa, naye ameshika sufuria la maji ya moto. Makovu ya mapajani anayo mpaka leo. Mzee akaapa kwamba nyumbani kwake mtu hatapewa tena habari ya namna hiyo akiwa amesimama, wala akiwa na njaa. Akamwita fundi, akatengenezewa sanduku la mbao la kuwekea simu juu yake, lenye tundu ubavuni na kufuli la pili. Ukipokea habari nzito, unaiandika kwenye karatasi, unaikunja, unaitumbukiza, unanyamaza. Jioni, watu wakishakula na rozari ikishasaliwa, Mzee anafungua, anamwita mwenye habari, anamkalisha, anamwambia kwa upole. Mtaa mzima ulimsifu. Mimi pia nilimsifu, nisiseme uongo.

Sasa, mama yangu mzazi alikuwa anaumwa kifua huko Kasanga. Nilikuwa nimekubaliana na mdogo wangu Jovina: hali ikibadilika, apige simu kutoka ofisi ya mizigo bandarini, nami nipande lori siku hiyohiyo. Malori ya Kasanga huondoka saa nane mchana. Nguo zangu zilikaa kwenye mfuko wa rambo nyuma ya mlango wiki nzima. Nilitaka kumkuta mama akiwa hai, basi, sikutaka kingine. Nikamwambia Cornelia, "Wifi, Jovina akipiga nami sipo, niite popote nilipo." Akasema, "Haya, wifi."

Jumatano, kama saa tatu asubuhi, simu ikalia kutoka Tunduma. Flavian, mume wa jirani yetu Silvana, alikuwa ameangukiwa na magunia akipakua gari. Amelazwa, hajitambui, mkewe aje. Nikaandika, nikakunja, nikatumbukiza. Silvana alikuwa ng'ambo ya njia anaanika ulezi, ningemwita kwa sauti ya kawaida angesikia. Sikumwita. Nikachukua kikapu nikaenda sokoni.

Mchana, Mzee na mume wangu Raymond wakiwa wameshaondoka na lori kwenda Namanyere kununua mahindi, Silvana akaja kunisuka. Tulikaa sebuleni, mimi chini kwenye mkeka, mgongo wangu umeegemea sanduku lile. Alinichekesha mpaka machozi yakanitoka, akimwigiza Flavian anavyokoroma. Nilicheka, Mungu anisamehe. Saa nane nilisikia malori yakinguruma kwenye barabara kuu, wala sikugeuza kichwa, kwa sababu Silvana alikuwa ameshika msuko.

Jioni Mzee hakurudi. Lori lilikuwa limenasa kwenye tope, wakalala hukohuko, na funguo zikalala shingoni mwake. Tulikula kuku. Miaka mitano ndani ya nyumba ile, kuku akichinjwa mimi napewa shingo. Siku hiyo Mama Marsiana aliniwekea paja. "Kula, mwanangu," akasema, "kula ushibe." Cornelia alikuwa anatazama sahani yake. Nami nilifurahi! Nilikwenda kulala nikijiambia kwamba hatimaye yule mama amenipenda.

Alhamisi asubuhi nilikuwa nafagia sebule, simu ikalia. Jovina.

"Dada, mbona hukuja?"

"Nije wapi? Mama vipi?"

Akaanza kulia. "Mama ametutoka alfajiri, dada. Jana asubuhi nilipiga, nikamwambia wifi yako mama anakuita, uje leo hiihii. Alikungoja. Kila gari likipita anasema, huyo Redempta."

Nilikuwa nimesimama. Sikuwa nimekula kitu. Habari ikaniingia hivyohivyo, na sikufa.

Sikumbuki kama niliaga. Nakumbuka shoka la kuni lilikuwa nyuma ya nyumba, na kwamba lilikuwa jepesi. Pigo la kwanza lilichana kifuniko, simu ikaanguka chini na kufuli lake. Cornelia akatoka mbio chumbani.

"Wifi! Baba atatuua!"

"Mbona hukuniita, wewe? Nilikuomba uniite! Nilikuwa sokoni, si Ulaya!"

"Ilikuwa habari nzito," akasema. "Si unajua utaratibu, wifi. Na wewe si ndivyo unavyofanya?"

Mama Marsiana alikuwa amesimama mlangoni, mikono imejaa unga. "Tulikuwa tunamngoja baba yenu, mwanangu. Tulitaka akwambie vizuri. Nilihakikisha umekula."

"Lori liliondoka saa nane!" Sikuwahi kumpandishia sauti mama mkwe maishani mwangu, na siku hiyo nilimpandishia mpaka koo likaniuma. "Ulijua! Mama yangu anahesabu magari, na wewe unanipa paja la kuku!"

Alikuwa analia, na hata kulia kwake kulinikera. Nilipiga shoka mara ya pili, sanduku likafunguka.

Ndani mlikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa na mwandiko wa Cornelia: *Mama yake Redempta yuko vibaya, anamwita, aje leo.* Ilikunjwa vizuri, kona kwa kona. Ya pili nilijua mwandiko wake kabla sijaifungua. Ulikuwa wangu, ule unaosomeka.

Nikaitazama karatasi ile, hasira zikanigeukia. Karatasi zile mbili zilikuwa zimelala pamoja mle ndani, ya Cornelia na yangu, huku mimi na Silvana tukicheka pembeni ya sanduku.

Nikachukua rambo langu nyuma ya mlango nikavuka njia. Silvana alikuwa amesimama uani anapepeta ulezi. Sikumwambia akae. Sikumuuliza kama amekula. Nilimpa karatasi mkononi, akaisoma polepole, midomo ikicheza, kisha akairudia.

"Imekuja lini hii?"

"Jana. Saa tatu asubuhi."

"Aliipokea nani?"

"Mimi."

Ungo ukamwanguka, ulezi ukamwagika miguuni mwetu. "Jana nilipokuwa nakusuka," akasema, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Akanizaba kofi. Lilikuwa kofi lilelile ambalo tangu simu ya Jovina mkono wangu ulikuwa unataka kumpa Cornelia. Sikuinua mkono kujikinga. Nilibaki nimesimama pale uani kwake, rambo mkononi na misuko yake kichwani.